Mtoto wa Mwisho wa Mbwa wa Baba

Baba alipokufa alituachia shamba ambalo alikwisha kuligawa mwenyewe akiwa hai, kwa kamba na vigingi, kila mtu akaonyeshwa mpaka wake mbele ya mashahidi. Alikuwa anatujua. Minazi aliigawa, mbuzi aliwagawa, hata lile sufuria kubwa la shughuli alisema litakaa kwa nani. Kitu kimoja tu alikisahau, nacho ni mbwa.

Kwa hivyo wenzetu hapa Tezo hugombana na ndugu zao juu ya ardhi, sisi tuligombana juu ya mbwa. Nikieleza hivi watu hucheka, nami huwaacha wacheke, maana hata mimi singekuwamo ningecheka.

Lakini ungemjua yule mbwa. Alikuwa dume, mwekundu kama udongo wa juu kule bara, sikio moja limechanika. Kazi yake ilikuwa tumbili. Mbwa wengi wakimwona tumbili hubweka, na tumbili akisikia mbwa anabweka anajua mbwa yuko wapi, anahamia upande wa pili wa shamba anaendelea kula mahindi yako bila wasiwasi. Yule wa baba habweki. Anazunguka kwa nyuma, kimya, mpaka akae baina ya mahindi na miti, halafu ndipo anaingia. Tumbili anageuka akimbilie mti wake anakuta mlango umefungwa. Wakishafanyiwa hivyo mara mbili tatu, wanahama wanakwenda kutafuta mtu mwingine wa kumfilisi.

Baba hakumpa jina. Alimwita kwa mbinja, moja ndefu na moja fupi iliyokatwa ghafla. Na hili la kutompa jina lilikuwa jambo la ajabu, kwa sababu kwetu mbwa hupewa jina la kumfikishia jirani lile neno usiloweza kumwambia machoni. Ukiwa na kinyongo na mtu, unafuga mbwa, unamwita Shauri Yenu, na kila jioni unasimama uani unamwita kwa sauti. Jirani anasikia. Hawezi kukushtaki popote, wewe unamwita mbwa wako. Baba alisema yeye akiwa na neno na mtu atavaa shati aende akamwambie.

Matanga yalipoisha, kaka yangu mkubwa alimfunga mbwa kamba akaenda naye kwake, ng'ambo ya mpaka. Hakuniuliza. Yeye ni mkubwa, aliona ni haki yake. Mimi nilikuwa nimekaa na baba katika ugonjwa, na yule mbwa mimi ndiye niliyekuwa nikimpa ugali, niliona ni haki yangu. Tukarushiana maneno mbele ya watu waliokuwa hawajamaliza hata kukunja mikeka. Toka siku ile hatukusemezana. Mbwa naye alitaka kurudi, kaka akamfunga kwenye mwembe mpaka akazoea.

Aliyeumia ni mama. Mama anakaa upande wangu, na mahindi yake yako kule chini, mwisho wa shamba, karibu na kichaka. Tumbili hawakuchukua muda kujua mlinzi kahamishwa. Mama akaniambia nimjengee dungu, lile jukwaa la miti la kukaa juu na kuwinga wanyama. Nikalijenga. Mimi kazi yangu ni kukata mawe ya kujengea, miti siijui, na ngazi niliyomtengenezea ilikuwa hata tumbili wanaiogopa. Asubuhi namwona mama anapanda na magoti yake yale mabovu, huku ameshika debe bovu la kupiga, kipandio kwa kipandio, anapumzika, anapanda. Anakaa huko mpaka jua linazama. Nilikuwa nikienda machimboni napita njia ya nyuma nisimwone.

Ndipo nikaenda Rabai kwa mjomba, kaka yake mama, nikamwomba mbwa. Akanipa jike changa, jeusi, miguu mirefu. Kumfikisha nyumbani kulikuwa kazi. Basi halikumtaka. Mwenye pikipiki niliyempata alikuwa mtu wa swala tano, akakubali kwa sharti mbwa akae ndani ya gunia, kichwa tu nje, na mimi nikae katikati. Njia nzima alikuwa akiniuliza bila kugeuka: "Mate yako wapi? Huyo akinilamba, mara saba utaniosha wewe, na mara ya mchanga pia utaniosha wewe." Nikamfunika yule mbwa mdomo kwa kofia yangu mpaka Tezo.

Nikamwita Mtachoka. Kila jioni nasimama uani, namwita. Kaka alikuwa na mbwa mwingine mdogo wa kulinda nyumba, hana hata jina. Wiki hiyohiyo nikasikia kule ng'ambo anaitwa Tumezoea. Basi ikawa ndiyo mazungumzo yetu. Mimi naita hapa, yeye anaita kule, na katikati yuko mama anarudi kutoka dungu na debe lake. Jioni moja akasimama mlangoni kwangu akasema, "Mnaowaambia hawapo. Anayesikia ni mimi," akaingia ndani kulala bila kula.

Mtachoka alikuwa na mbio na alikuwa na moyo, lakini kazi hakuijua. Alikwenda mbele kwa mbele akibweka, kama mimi nilivyokuwa shuleni, kelele nyingi na mwisho wake kidato cha pili. Tumbili walimzoea. Mama hakushuka kutoka juu ya dungu. Na yule dume wa baba, kwa habari nilizopata kwa watoto wa njiani, jicho moja lilikuwa limeanza kuwa jeupe. Watoto wake wa zamani baba aliwagawia watu, na wote wameisha, wengi wao kwenye barabara kuu ya Malindi. Niliwaza mpaka kichwa changu kidogo kikajaa: nikipata mtoto wa yule dume kwa huyu jike, mwenye akili ya baba yake na miguu ya mama yake, mama yangu atashuka dunguni. Nisipopata, yule mzee akifa, ile akili imekwisha duniani.

Nilimweleza mama. Akanisikiliza, kisha akasema kitu chema kinaombwa kwa heshima yake, nitafute kadzama. Kadzama ni kibuyu cha pombe ya mnazi. Kwetu huwezi kuomba jambo zito na mikono mitupu, hasa ukienda kuposa. Nikamwambia, "Mayo, mwenye kuposa ni upande wa dume. Mimi ndiye baba wa bibi harusi, nibebe mnazi nimpelekee nani?" Akasema, "Basi kaa na binti yako."

Nikabeba.

Kaka alikuwa amekaa kwenye kigoda anachonga mpini wa jembe. Aliniona toka mpakani nikija, kibuyu mkono mmoja na mkono wa pili kamba yenye mbwa, na hakuinuka wala hakuacha kuchonga. Nilipofika nikamwambia shikamoo. Akaitikia. Nikaweka kibuyu chini. Shemeji akaleta kiti, akakiangalia kile kibuyu, akamwangalia mbwa, akarudi jikoni haraka, nikamsikia anakohoa kule ndani kikohozi kisicho cha ugonjwa.

Nilisema shida yangu bila kumtaja baba. Kaka akanywa kidogo, akanipa, nikanywa. Akaenda akamfungua yule mzee kutoka kivulini. Mbwa akaja ananusa hewa, akafika magotini kwangu, akaweka kichwa chake hapo akatulia. Nikamkuna lile sikio lililochanika. Sote wawili tukajifanya tunaangalia pengine.

Basi nilikuwa nimemleta jike siku ileile niliyomwona anaanza kutoka damu, nikidhani ndiyo siku yenyewe. Kumbe bado. Bwana harusi aliposogea, bibi harusi alimgeukia akamng'ata hilo sikio zima lililobaki. Kaka akamrudisha mzee wake kivulini anamfuta damu. Akaniambia, "Msomi, hata mbwa wako humjui." Halafu akanieleza, macho yake kwenye sikio, nimrudishe damu ikiwa imepauka kama maji yaliyooshea nyama, na jike mwenyewe akiguswa mgongoni anapeleka mkia pembeni. Baba alimfundisha yeye. Mimi nilipokuwa nafundishwa mambo kama hayo nafikiri nilikuwa nacheka.

Niliporudi mara ya pili jike alikubali. Wakamaliza, lakini hawakuachana. Walinasana, wakageukiana migongo, kila mmoja anaangalia kwake, mkia kwa mkia. Nilidhani wameumia. Nikaruka kutafuta maji niwamwagie. Kaka akanishika mkono, ndiyo mara ya kwanza kunigusa tangu kaburini.

"Waache," akasema. "Ukiwavuta utawachana. Wataachana wenyewe."

Tukakaa kungoja. Jua lilikuwa kali, kuku wanapita. Hapo ndipo aliposema sharti, nalo ni la siku zote, wala hakulitunga yeye: mwenye dume huchagua mtoto wa kwanza. Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimewaona majike wenye miguu ile wakizaa sita, saba. Achague tu.

Ujauzito ule niliulea mimi. Machicha ya nazi, vichwa vya samaki, uji wa mtama. Mke wangu aliniuliza mbele ya wageni kama mimba zake zote tatu nilikuwa safarini. Nikamjibu kwamba yeye hawingi tumbili. Usiku huo chakula changu nilikikuta kwenye bakuli la mbwa, na cha mbwa kwenye sahani yangu, na wallahi cha mbwa kilikuwa na samaki mkubwa zaidi.

Tumbo la Mtachoka lilikuwa limeanza kuning'inia pale mama aliporudi siku moja kutoka kwa kaka, akakaa kizingitini akavua kitenge cha kichwani. Akasema, "Kaka yako anasema nikwambie. Yule mzee ameondoka. Amemkuta asubuhi pale kivulini, amelala kama anavyolala." Nikauliza amezikwa wapi. Akasema upande wa chini wa kaburi la baba, nje ya ua wa makaburi, lakini karibu.

Nikaenda machimboni. Siku hiyo nilikata mawe ambayo mwenye kazi hakuyaagiza. Sikulia, nisije nikajiitia msiba kwa kumlilia mbwa. Lakini nilijua kwamba sasa kilichobaki cha baba, kile chenye kutembea, kiko ndani ya tumbo moja jeusi linalolala kando ya jiko langu.

Alizaa asubuhi ya mawingu. Nilimwekea magunia kwenye kibanda cha mbuzi, na mbuzi nikawahamisha, wakalalamika. Mimi niliyejitia mkunga nilichuchumaa pembeni na wembe na uzi, sikutumia hata kimoja, kila kitu alikifanya yeye kwa ulimi. Watoto walikuwa wanne. Wa kwanza alikuja na miguu mbele, amepoa. Nikamfunga kwenye jani la mgomba nikamtoa nikamzika. Watatu walikuwa hai, wawili weusi, na wa mwisho mdogo, mwekundu udongo. Nilipomwona huyo nikatoka nje nikasimama tu, nikiangalia nazi.

Kisha ikanyesha. Ni ile mvua ya hapa pwani, inapiga usiku kucha, asubuhi inaacha jua na ardhi inatoa mvuke. Ardhi ikijaa maji siafu hutoka. Kila mtu hapa anajua. Kibanda cha kuku tunakimwagia majivu kuzunguka, na mvua ikipita tunamwaga tena. Kibanda cha mbuzi hakimwagiwi, kwa sababu mbuzi ana miguu, siafu wakija atasimama atapiga kelele atavunja mlango. Mimi nilitembea asubuhi ile na debe la majivu, nikawamwagia kuku, nikapita mbele ya kibanda cha mbuzi, nikaenda kazini. Mkono ulifanya ulivyozoea.

Mama ndiye aliyesikia, akiwa juu ya dungu. Alisikia mbwa analia, si kubweka, kulia. Alipofika kwa miguu yake ile, jike hayupo. Mke wangu alikuwa amekwenda kisimani. Mama akanipigia simu, nikaja mbio.

Kile kibanda chini kilikuwa kinatembea. Sitaki kukieleza sana. Wale weusi wawili walikuwa pale. Wa tatu sikumwona, na jike sikumwona. Niliwatoa wale wawili kwa jembe, nikawazika pamoja na mwenzao, siafu wakiwa wanapanda miguuni kwangu nami siwatoi.

Mama alikuwa amesimama ameshika mlango. Akaniambia, "Amevuka mpaka. Kuna alama kwenye matope. Nenda kamwite."

Nikafuata zile alama. Zilipita mahindi ya mama, zikapita kigingi cha baba, zikapanda kuelekea kwa kaka. Nilipofika ukingo wa ua wake nikasimama. Hapo ndipo nilipogundua shida yangu. Kama jike amejificha chini ya ghala au nyuma ya choo, lazima nimwite. Na jina lake ni lile. Nilikuwa nimeliita jioni zote zile kwangu, kwa sauti, likisafiri. Sasa nimesimama uani kwa mtu, aliyemzika mbwa wa baba pembeni ya baba, nami nina udongo wa kaburi la watoto wa mbwa huyo mikononi. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nikajaribu mbinja ya baba. Mimi jino la mbele lilikwenda na jiwe miaka mingi iliyopita, kikatoka kitu kama chai inayopozwa.

Kaka akasema kutoka nyuma ya jiko, "Tuko huku."

Alikuwa amechuchumaa kwenye jivu. Jike amelala ubavu mbele yake, anatetemeka, pua imevimba, macho yamefumba. Siafu wamemng'ang'ania kwenye masikio, baina ya vidole, kwenye chuchu. Kaka alikuwa akiwatoa mmoja mmoja kwa kucha. Kiwiliwili cha siafu kinakatika, kichwa kinabaki kimeng'ata, anarudia kukitoa kichwa. Shati lake limefungwa fundo tumboni na ndani ya fundo kuna kitu kinasogea.

Nikachuchumaa upande wa pili nikaanza miguu ya nyuma.

Tulifanya hivyo muda mrefu. Niliona mikono yake imevimba, nami yangu ikavimba. Shemeji alileta mafuta ya nazi akaweka baina yetu akaondoka. Jike alipoanza kupumua vizuri, kaka akafungua fundo, akamweka mtoto kwenye chuchu iliyosafishwa. Alikuwa yule mwekundu. Jicho moja limevimba kama njugu, lakini alishika chuchu kwa nguvu mpaka jike akashtuka.

"Wengine?" kaka akauliza.

"Hakuna."

Kaka akamtazama mtoto ananyonya, na mimi nilijua anachowaza, kwa sababu nilikuwa nakiwaza mimi. Ningeweza kuomba. Ningeweza kusema sharti lile ni la watoto wengi, si la mmoja. Nilikuwa nimeshika mguu wa mbwa wangu, na maneno hayo yalikuwa yamekaa ulimini tayari, nikamwona mama kule chini anarudi kwenye dungu, ameshika ngazi yangu kwa mikono miwili.

"Tulisema mwenye dume anachagua kwanza," kaka akasema. Hakusema kwa ukali.

"Tulisema," nikajibu. "Chagua."

Akaangalia chini. "Nimemchagua huyu," akasema, kana kwamba palikuwa na wengine.

Kwa hivyo nilirudi nyumbani mikono mitupu. Mtachoka alibaki kule anyonyeshe. Chakula chake ni juu yangu, yeye ni mbwa wangu, kwa hivyo kila jioni nikitoka kazini nilivuka mpaka na sufuria. Siku za kwanza naweka sufuria, nangoja ale, naondoka. Baadaye nikawa nakaa. Hatukuzungumza mambo makubwa. Jicho la mtoto, mvua, bei ya mahindi. Siku moja nikasikia kaka anamwambia jike wangu, "We mama, ondoka hapo upishe," nikaona hilo jina ni zuri kuliko langu. Mpaka leo ndiyo jina lake, We Mama. Na yule Tumezoea naye sikusikia tena akiitwa. Sijui sasa anaitwa nani. Siulizi.

Mtoto hakupewa jina. Kaka anampigia mbinja, moja ndefu na moja fupi iliyokatwa, na meno yake yote yapo. Kimwili ametoka mfupi, miguu ya mama yake hakuichukua. Lakini msimu uliofuata, mahindi yalipoanza kuweka ndevu, nilikuwa nimekaa na mama chini ya dungu wakati tumbili walipoingia. Mama akainuka kushika debe. Nikamwambia ngoja. Chini huko kwenye kichaka nilikuwa nimeona kitu chekundu kinapita, tumbo chini, bila sauti, kinazunguka kwa nyuma.

Hakuna aliyemfundisha. Dume aliyemzaa alikufa kabla hajazaliwa.

Tumbili waligeuka wakakuta mlango umefungwa. Mama alisimama na debe lake mkononi mpaka kelele zao zikaishilia mbali, kisha akalikalia.

Yule mbwa si wangu, na halali kwangu. Jioni mbinja ikilia anaondoka katikati ya mahindi yetu kama mtu aliyeitwa kula, hata haangalii nyuma, na hilo bado linaniuma kidogo. Mahindi ya mama anayalinda kwa sababu tumbili hawajui kigingi kiko wapi, naye hajui. Dungu bado lipo. Mama anaanikia mhogo juu yake, na anayepanda ile ngazi kuugeuza ni mimi.